Mbuke na Ujira wa Kuisha

Mnanisumbua. Nimeshasema mara mbili kwamba kuandika kwangu ni kwa shida, mkono unakakamaa, na miwani hii kioo chake cha kushoto hakioni kitu. Bado mnasema, bibi, andika habari za Mbuke wa Kisesa. Za nini? Mtu wa mbali akiulizia habari za maskini, kuna kitu anakitafuta, na mara nyingi si yule maskini. Mbuke mwenyewe aliposikia kwamba ataandikwa aliuliza, "Kwenye karatasi ya nani?" Nikamwambia ni daftari langu, nimelinunua kwa hela yangu. Ndipo akakubali, kwa sharti kwamba nisimpambe. Sitampamba.

Huyu Mbuke binti Machibya ni mjane. Ana nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya barabara iendayo Musoma, na ndani yake wamo wajukuu watano alioachiwa na binti zake wawili, mmoja aliyefariki, na mwingine aliyekwenda Kamanga kuuza chakula kivukoni na tangu hapo hajatuma hata kilo ya sukari. Umri wake hausemi. Akiulizwa anajibu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, na kwa kuwa miaka ya njaa ilikuwa mingi, hakuna wa kumkamata.

Kazi yake ni kuchagua dengu. Dengu zikishavunwa mbugani huko Magu na Kwimba, zinaletwa kwenye ghala moja la bati hapo Kisesa, na wanawake kumi na nane wanakaa chini juu ya turubai, kila mmoja na ungo wake, wanatoa mawe, vijiti, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Zilizo safi zinaingia kwenye gunia, zinapanda lori, zinakwenda ng'ambo. Malipo yalikuwa elfu mbili kwa gunia. Mkono mwepesi unamaliza gunia mbili tangu asubuhi mpaka jua linaposhuka. Mbuke alikuwa na mkono mwepesi. Siku hizi ni gunia moja na nusu, ila hilo usimwambie.

Mambo yalianza Jumanne moja jioni. Mashine ya kupepetea ilikuwa bado inanguruma, vumbi limejaa, kila mtu amefunga kitambaa puani. Yassin, msimamizi wa ghala, akasimama mlangoni. Si mtu mbaya, ila anaongea kama anayebanwa na haja.

"Kesho msichelewe," alisema. "Anakuja dada wa ujira wa kuishi. Kila mtu ataandikwa na kila mtu ataweka dole."

Akaondoka. Mbuke akaweka ungo chini. Alichosikia yeye ni ujira wa kuisha.

Msimcheke. Miaka ya nyuma alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, jina silitaji, maana mtaniletea maneno. Alifagia sakafu za pamba pale misimu kumi na moja. Asubuhi moja wakaitwa, wakapewa kila mmoja mche wa sabuni na kilo ya sukari, wakaambiwa waweke dole hapa, ni shukrani ya kampuni. Mbuke akaweka dole akiwa anacheka. Kesho yake mlinzi akamzuia getini. Ile karatasi ilisema amelipwa haki zake zote, kazi imekwisha, hadai kitu. Sukari ile aliila wiki tatu, na kila akikoroga chai alikuwa anaona haya. Baadaye akaingia darasa la watu wazima kanisani, akajifunza herufi, si kwa sababu alitaka kusoma vitabu, bali ili asicheke tena mbele ya karatasi.

Basi jioni hiyo wakirudi nyumbani, Mbuke alikuwa kati ya Sihaba na Odeta, wenzake wa turubai moja. Sihaba ni mwanamke wa maneno mengi, anauza maandazi alfajiri kabla ya kwenda ghalani. Odeta ni mtu wa Bukoba, mpole, anafuata wanakokwenda wengi.

"Mmesikia?" Mbuke aliuliza. "Ujira wa kuisha. Wanatumaliza."

"Mbona mimi nimesikia kuishi?" alisema Sihaba.

"Kuishi nini?"

"Ujira wa kuishi. Hela ya kukufanya uishi."

Mbuke akasimama katikati ya njia. "Wewe Sihaba, tangu uzaliwe, nani amewahi kukulipa uishi? Wanakulipa gunia. Kuishi unakujua mwenyewe."

Sihaba akafikiri, akaona kweli. Tangu azaliwe hakumwona mtu huyo.

"Halafu dole," alisema Mbuke. "Mtu anayekuongezea hela hakuombi dole. Dole ni la kukufukuza."

"Sasa tufanyeje, mama Maige?" aliuliza Odeta. Maige ndiye mtoto wa kwanza wa Mbuke, aliyekufa mdogo, na jina hilo wanamwita wale wanaomheshimu.

"Hatuonyeshi unyonge. Wakitaka kupunguza watu wanaanza na wagonjwa na wenye njaa, wanasema hawa hawana nguvu. Akituuliza, tunakula vizuri, tunalala vizuri, hatuumwi. Na dole haliwekwi mpaka karatasi nimeisoma mimi."

Kabla ya kulala, maneno hayo yalikuwa yamezifikia nyumba zote kumi na nane.

Asubuhi akaja binti mmoja mwembamba, kavaa ushungi wa bluu, mkononi ana kishikwambi. Aliitwa Fadhila, nyumbani kwao ni Mirongo, mjini. Alisalimia vizuri, hilo Mbuke halikatai mpaka leo. Alizunguka turubai nzima, shikamoo kwa kila mkubwa, ndipo akaketi chini, mbele ya Mbuke, maana ndiye aliyeonekana mzee kuliko wote.

"Bibi, naomba nikuulize mambo ya nyumbani. Usiogope."

"Nani kakwambia naogopa?"

"Samahani, bibi. Nyumbani mko watu wangapi?"

"Wa kutosha."

"Wangapi hasa?"

"Watu hawahesabiwi kama ng'ombe, mwanangu. Na hata mwenye ng'ombe, akiwa na akili, hawahesabu mbele ya mgeni."

Turubai nzima wakainama kwenye nyungo zao, mabega yanatikisika.

"Sawa," alisema Fadhila. "Kwa siku mnakula mara ngapi?"

"Tukitaka."

"Jana usiku mlikula nini?"

"Sato."

"Sato mzima?"

"Ulitaka tule nusu, nyingine tukuletee wewe?"

Fadhila akaandika. Akauliza nyama, Mbuke akasema kila Jumapili, na sikukuu wanachinja. Akauliza akiumwa inakuwaje, Mbuke akasema haumwi. Akauliza ada, sare, madaftari, Mbuke akasema yote yapo. Akaingia kwa Sihaba, naye Sihaba akaona asishindwe, kwake wanakula kuku. Odeta alipofikiwa alikuwa na woga, akasema na yeye sato, halafu akaongeza na ndizi ili asionekane ameiga. Mpaka saa sita, kwa maneno ya wanawake wale, hakukuwa na mtu mwenye shida Kisesa nzima.

Wakati wa kupumzika Fadhila alikwenda kukaa na Yassin kwenye kivuli cha lori. Mbuke akafuata taratibu, akajifanya anatafuta maji. Masikio yake bado mazima.

"Sielewi," Fadhila alikuwa anasema. "Kwa hesabu hizi hawa wameshafika. Kinachowatosha kuishi wanakipata, na kinazidi. Nikituma hivi, mnunuzi atasema hakuna cha kuongeza."

"Basi tuma," alisema Yassin. "Wamesema wenyewe."

Mbuke akajitokeza nyuma ya tairi. "Kuongeza nini?"

Fadhila akashtuka. "Malipo, bibi. Ndiyo kazi niliyokuja kufanya. Tunatafuta ni kiasi gani mtu anatakiwa alipwe ili yeye na familia yake wale, watibiwe, watoto wasome. Halafu tunalinganisha na mnacholipwa."

"Nionyeshe karatasi."

"Haipo kwenye karatasi, iko humu." Akamgeuzia kishikwambi.

Mbuke alichuchumaa, akavuta miwani karibu, akaweka kidole juu ya kioo. Maandishi ya juu kabisa yalikuwa makubwa. Akasoma kama alivyofundishwa kanisani, kipande kimoja kimoja. U-ji-ra. Wa. Ku-i-sh. Pale akakaa sana. Herufi ya mwisho ilikuwa imesimama wima, nyembamba, ina nukta kichwani. Akaisugua kwa kidole akidhani ni vumbi la dengu. Nukta haikutoka.

"Hii ni i," alisema.

"Ndiyo, bibi. Kuishi."

"Si a."

"Si a."

Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikuwa anaona nyuso kumi na saba alizozilisha sato asubuhi ile, na kwamba sasa atakwenda kuzifungua midomo na kumtoa yule samaki mwenyewe, mbele ya binti wa mjini. Afadhali angechagua gunia kumi bure.

"Futa niliyosema," alisema.

Yassin akaingilia. Akamvuta Mbuke pembeni kidogo, akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza aliongea taratibu.

"Mama, sikiliza. Mimi si adui yako. Mjini kuna mashine, ina jicho la umeme, inachagua dengu tani nzima wakati nyinyi mnamaliza ungo. Wenye mali wameiulizia bei. Kinachowafanya wasinunue ni kwamba nyinyi ni rahisi. Mkiwa ghali wataleta mashine. Ulichosema asubuhi kiache kilivyo. Kitawalinda."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mbuke akasimama kwenye jua anamtazama Yassin, anatafuta uongo usoni kwake, asiuone. Akamtazama Fadhila, naye asiuone. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Amezoea mmoja anadanganya na mwingine anasema kweli. Siku hiyo wote wawili walikuwa wanasema kweli, na ukweli mmoja unakula mwingine. Akisema njaa ya nyumbani kwake, huenda akaleta mashine. Akinyamaza, atachagua dengu kwa elfu mbili mpaka aingie kaburini, na wajukuu wake watarithi ungo.

Akamrudia binti. "Wewe mwenyewe unalipwaje?"

Fadhila akacheka kidogo, akaangalia chini. "Kwa dodoso, bibi. Nikijaza moja nalipwa moja. Nisipojaza sipati."

"Kwa hiyo na wewe ni gunia."

"Na mimi ni gunia."

"Zinakutosha kuishi?"

"Nakaa kwa baba, bibi."

Mbuke akapumua puani. Huyu angalau alikuwa hajajificha. "Na wanaouliza ni nani? Jina lao?"

"Wanunuzi wa huko ng'ambo. Watu wanaokula dengu wanauliza kama waliozichagua wanakula."

"Na wao wakiulizwa wanakula nini, wanasema?"

"Hakuna anayewauliza."

"Hayo ndiyo niliyodhani." Akakusanya kanga yake. "Humo ndani kuna swali la mashine?"

"Hapana. Ila mwishoni pana nafasi ya maoni. Naweza kuandika utakalosema."

"Njoo."

Wakarudi kwenye turubai. Mbuke hakukaa.

"Nisikilizeni," alisema. "Ni kuishi. Nimeisoma mwenyewe, ina nukta. Nilikosea."

"Mimi si nilisema?" alisema Sihaba.

"Ulisema ukaacha. Mtu mwenye neno la kweli haliachi njiani kwa sababu kikongwe kamfokea." Akamgeukia Fadhila. "Andika. Mbuke binti Machibya alisema uongo. Tuko sita nyumbani, mimi na watoto watano. Jana usiku tulikula ugali wa muhogo na mchicha usio na mafuta. Juzi michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai ya rangi. Jumapili nilinunua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kwenda kiwandani, nikaichemsha mara mbili. Sato nilimwona sokoni. Hatukusalimiana."

Hakuna aliyecheka. Odeta alikuwa ameshika ungo kifuani.

"Nyama?" aliuliza Fadhila, sauti imeshuka.

"Krismasi. Goti hili linaniuma mwaka wa tatu, sijaenda hospitali. Mjukuu wangu wa pili, Ngosha, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya sare. Umeandika?"

"Naandika, bibi."

"Kama huamini, twende nyumbani ufunue sufuria. Mimi nisingeamini mtu aliyekula sato asubuhi akaja kula mchicha mchana."

Na binti alikwenda. Hilo Mbuke hakulitarajia, alilisema kwa kejeli. Fadhila alitembea naye mpaka nyumbani, akafunua sufuria, akaona. Hakupiga picha, maana Mbuke alimwambia mapema kwamba akipiga picha atamwaga yote. Waliporudi ghalani, wanawake wengine waliomba wafutiwe na wao. Sihaba alipofika kwenye kuku wake alisema, "Huyo kuku alikuwa wa jirani, hata manyoya sikuyaona." Ndipo watu wakacheka, na baada ya hapo ikawa rahisi kwa kila mtu.

Kwenye nafasi ya maoni Mbuke alitamka maneno yake mara tatu mpaka Fadhila akayapata sawasawa. Yanasema hivi: mkituongezea malipo halafu mkaleta mashine mahali petu, mmeandika kuishi na mmefanya kuisha. Akaambiwa aweke dole kwenye kioo. Akakataa dole. Akasoma dodoso zima kwanza, kuanzia saa nane mpaka karibu saa kumi, dereva aliyemleta Fadhila anapiga honi nje, Yassin anatembea huku na huku. Mahali alipokwama aliuliza, na jibu la Fadhila alilipima kwa jibu la Sihaba. Alipomaliza akaandika jina lake kwa ncha ya kidole, M kubwa imeinama kama inayotaka kuanguka. Wenzake nao wakaandika majina, na wasiojua wakaandikiwa herufi ya kwanza wakaifuatisha.

Miezi minne ilipita kimya. Mbuke alisema, si niliwaambia. Kisha Yassin akabandika tangazo mlangoni, na Mbuke akalisoma kabla hajaruhusu mtu kushangilia. Hesabu ilionyesha kwamba mchaguaji anatakiwa alipwe elfu nne kwa gunia. Mnunuzi amekubali. Wataongezewa kwa awamu: elfu tatu kuanzia siku hiyo, na elfu ya pili ya nyongeza msimu unaofuata. Siku ya kwanza ya malipo hayo Mbuke alinunua mafuta ya kula, sare ya Ngosha, na sato mmoja mdogo. Alimla kwa mashaka, anachambua miiba kama anayetafuta masharti.

Msimu huo unaofuata ndio huu. Ghala limefunguliwa, dengu zimeanza kuingia, na gunia bado ni elfu tatu. Yassin anasema subirini, iko njiani. Na wiki iliyopita walikuja vijana wawili wamevaa kofia ngumu, wakavuta futi kona ya kaskazini, karibu na waya wa umeme, wakachora mstatili wa chaki sakafuni, wakaondoka. Mbuke aliwauliza ni wa nini. Mmoja akasema ni wa kuwekea mizani. Mwingine, wakati huo huo, akasema ni wa choo.

Yassin hajui. Ameapa hajui, na Mbuke alimtazama sana usoni.

Asubuhi yake akahamisha ungo. Akabeba mkeka wake mpaka kona ya kaskazini, akautandika katikati ya chaki, akaketi. Sihaba akafuata, kisha Odeta, na sasa turubai nzima imehamia huko. Mwanga wa pale ni mbaya na Mbuke anachagua polepole zaidi, anapoteza robo gunia kwa siku, lakini hatoki. Akienda haja anamwacha Odeta akalie nafasi yake.

Nimeandika, na sijampamba. Sasa ni zamu yako. Wewe uliyesoma mpaka hapa una miguu, una simu na pengine umevaa viatu. Wenye ghala wana ofisi mjini. Nenda, usimuulize mlinzi, panda mpaka ndani, uwaulize mambo mawili: ile elfu ya pili inakuja lini, na ile chaki ni ya nini. Jibu watakalokupa usilibebe kichwani. Waambie waliandike, waweke jina. Kisha uniletee karatasi hiyo Kisesa, kwa herufi kubwa, kabla msimu haujaisha. Mbuke ataisoma mwenyewe.